Ile asilimia ya protini kwenye mfuko wa chakula cha kuku

Ukienda duka la pembejeo kununua chakula cha kuku wa mayai, hesabu inayofanyika pale ni moja: mfuko huu protini asilimia 16, ule 18, basi chukua ule wa 18. Hata sisi tunaosoma mambo haya tumewahi kununua hivyo hivyo. Leo naisema vibaya kidogo hiyo namba, maana inaaminiwa kuliko inavyostahili.

Kwanza ujue kwamba kilichopimwa pale si protini, ni naitrojeni. Njia yenyewe ilibuniwa na Johan Kjeldahl mwaka 1883, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen. Unachemsha sampuli kwenye asidi kali ya salfuriki, naitrojeni inageuka amonia, unaipima, kisha unazidisha kwa 6.25. Kwa nini 6.25? Kwa sababu protini kwa wastani ina naitrojeni asilimia 16, na 100 ukigawa kwa 16 unapata hiyo. Ndiyo maana maabara wanaiita protini ghafi. Hilo neno "ghafi" hudondoka njiani kabla ya kufika dukani.

Sasa chukua urea, ile ile mbolea ya shambani. Ina naitrojeni asilimia 46. Zidisha kwa 6.25: protini ghafi zaidi ya asilimia 287! Yaani kilo moja imebeba karibu kilo tatu za protini ambayo haipo. Mwanya huu ndio uliotumika China, kashfa ikalipuka mwaka 2008: maziwa yaliongezwa maji, kisha ikatiwa melamini, yenye naitrojeni nyingi kuliko hata urea, ili kipimo kisome vizuri. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita wakafa. Na kipimo hakikuwa kibovu. Kilihesabu naitrojeni, kama kawaida yake.

Halafu inategemea nani anakula. Ng'ombe ukimpa urea kidogo na molasesi, vijidudu vya tumbo lake la kwanza vinaitumia naitrojeni hiyo kujijengea protini, na baadaye yeye anavimeng'enya. Ukizidisha, amonia inafurika kwenye damu na anaweza kufa. Kuku hana tumbo la namna hiyo, kwake urea si chakula.

"Lakini mfuko wangu una dagaa na mashudu, hauna urea." Sawa, tuseme ni protini halisi kabisa. Bado kuku hajengi yai kwa protini jumla, anajenga kwa asidi amino, na kila moja kwa kiasi chake. Fikiria fundi anayeunganisha baiskeli: ana fremu tatu na magurudumu 20. Atatoa baiskeli tatu tu, hata ukimletea magurudumu mengine kumi. Kwenye chakula cha mahindi na soya au mashudu, fremu zinazopungua mapema huwa ni methionini na lisini.

Ila fundi ana stoo, kuku hana. Asidi amino zilizobaki hazisubiri kesho. Mwili unazivunja, na naitrojeni yake inageuzwa asidi ya yuriki, ule weupe unaouona kwenye kinyesi. Kazi hiyo inakula nguvu, kwa hiyo sehemu ya mahindi uliyonunua inatumika kutoa taka. Maranda yakilowa, bakteria wanaigeuza ile asidi kuwa amonia, na asubuhi ukifungua banda macho yanawasha. Harufu hiyo uliilipia dukani.

Sisemi namba itupwe. Ni rahisi kupima, na kuku wa mayai ukimpa chakula cha asilimia 10 utajuta. Lakini 16 iliyopangwa vizuri, ikaongezewa methionini na lisini, inaweza kuishinda 18 ya kuokoteza. Kwa kuku na kwa nguruwe, watafiti wamepunguza protini ghafi kwa njia hiyo, wanyama wakaendelea vizuri na naitrojeni kwenye kinyesi na mkojo ikashuka.

Kwa hiyo siku ukienda dukani uliza: methionini kiasi gani, lisini kiasi gani? Huenda muuzaji akakuonyesha tena ile 18. Usigombane naye, huenda naye hajawahi kuambiwa. Angalia kama mfuko una namba ya simu ya mtengenezaji, umpigie.