Kazi ya Kidole Gumba

Anayetaka kuingia kwenye muziki wa asili wa Marekani, yaani bluzi, kantri ya zamani, nyimbo za injili na za milimani zilizozaa sehemu kubwa ya muziki uliofuata huko, ningemshauri aanze kwa kusikiliza kidole gumba cha mpiga gita. Waimbaji watamfikia wenyewe baadaye.

Mwanzoni mwa Agosti 1927, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alikuwa amefunga mitambo ya kurekodia katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Kati ya waliofika kutoka vijijini walikuwa A.P. Carter, mkewe Sara, na Maybelle, binamu wa Sara, binti wa miaka 18 aliyekuwa na ujauzito mkubwa. Wakati huo kazi ya gita ilikuwa hasa kumsindikiza mwimbaji. Maybelle alilipa kazi mbili kwa pamoja: gumba likitembeza melodi kwenye nyuzi nene, huku kidole cha shahada kikipangusa nyuzi nyembamba na kutunza mapigo. Anayesikia mara ya kwanza hudhani magita ni mawili.

Baadaye Maybelle alijifunza namna nyingine ya kucharaza kwa kumtazama Lesley Riddle, mpiga gita mweusi wa Kingsport, Tennessee, ambaye alizunguka na A.P. kukusanya nyimbo. A.P. alishika maneno, Riddle akahifadhi tuni kichwani. Kampuni za santuri ziliuza muziki wa weusi na wa weupe kwa mafungu tofauti, lakini vidole vilifundishana bila kujali mafungu hayo. Jina la Riddle halitajwi inavyostahili, na hilo linaniuma.

Mpiga gita mwingine, John Hurt wa Avalon, Mississippi, aligawa kazi kwa namna yake. Gumba lilidunda kwa zamu kwenye nyuzi nene, halichelewi wala haliharakishi, kama mchi kinuni, na vidole viwili vikapenyeza melodi katikati ya mapigo, mara nyingi ikitangulia kidogo pale unapoitarajia. Ugumu wote uko hapo. Kidole kikichokoza mapigo, gumba hutaka kukifuata, na mwanafunzi anaweza kuhangaika muda mrefu kabla mkono mmoja haujakubali kufanya mambo mawili. Msomaji aliyezoea Masanga, wimbo wa gita wa Mwenda Jean Bosco, aliourekodi Hugh Tracey huko Katanga mwaka 1952, anaujua utamu huu tayari.

Hurt alirekodi na kampuni ya Okeh mwaka 1928, santuri hazikuuzika sana, akarudi kulima. Mwaka 1963 wapenzi wa santuri za kale walifuata jina la kijiji alichokitaja katika wimbo wake Avalon Blues, wakamkuta hai, mzee wa miaka 70 hivi. Gumba lilikuwa palepale. Rekodi za uzeeni hazina kasi ya zile za ujana, nami nazipenda zaidi kwa sababu hiyo: kila uzi unapewa nafasi ya kumaliza kusema.

Kisha kuna Elizabeth Cotten, aliyezaliwa mwaka 1893 karibu na Chapel Hill, North Carolina. Alitumia mkono wa kushoto, na gita alilonunua utotoni kwa dola 3.75 lilifungwa nyuzi kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia. Hakuzihamisha. Aliligeuza tu, nyuzi nyembamba zikawa juu na nene chini, kwa hiyo vidole vikapiga besi na gumba likaimba melodi. Hivyo ndivyo alivyotunga wimbo wa Freight Train akiwa bado mtoto. Baadaye aliliacha gita kwa miaka mingi, hadi alipofanya kazi za nyumbani kwa familia ya wanamuziki, akina Seeger. Mike Seeger ndiye aliyemrekodi, na albamu ikatoka mwaka 1958.

Wengi wanaoucheza wimbo huo leo hutumia mpangilio wa kawaida, na noti zote huzipata. Lakini kwa Cotten gumba, kidole chenye nguvu kuliko vyote, ndicho kinachobeba melodi, na besi inaguswa na kidole chepesi. Ndiyo maana melodi yake ina unene, na besi inapita chini yake bila kuisukuma. Msikilize yeye kwanza, halafu wanaomfuata.