Mwanafunzi na Msomaji Wake: Juu ya Uandishi wa Insha

Insha iandikwayo darasani ina msomaji mmoja tu, naye aisoma kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mwanafunzi humweleza mwalimu jambo alijualo tangu zamani. Mwalimu hutia wino mwekundu, na daftari likafungwa. Si ajabu basi kwamba Kiswahili cha insha huwa kikavu, na methali hupachikwa penye nafasi, si penye haja. Tangu intaneti ilipoingia madarasani, dawa isifiwayo ni kumpa kila mwanafunzi ukurasa wake, aandike mbele ya ulimwengu. Rai hiyo ina asili njema, lakini watetezi wake wengi wameishika nusu. Nusu ya pili huonekana katika mfano wa zamani.

Mwaka 1924 Célestin Freinet, mwalimu wa kijiji cha Bar-sur-Loup kusini mwa Ufaransa, aliingiza darasani mtambo mdogo wa kupigia chapa. Watoto waliandika habari za maisha yao, wakazisoma mbele ya wenzao, wakachagua moja kwa kura. Habari hiyo iliandikwa ubaoni, ikasahihishwa na darasa zima, kisha herufi zake zikapangwa moja moja kwa mkono. Kurasa zilizochapwa zilipelekwa kwa watoto wa Trégunc, kijiji cha pwani ya Bretagne, nao wakajibu kwa kurasa zao.

Katika kazi hiyo mna mambo mawili yasiyofaa kusahauliwa. La kwanza ni ukawiaji. Mtoto apangaye herufi hana budi kulitazama neno mara ya pili na ya tatu. Sarufi aliipata katika kusubiri huko. Intaneti imeondoa taabu ya kuchapa, na pamoja nayo imeondoa masahihisho yaliyokuwa kati ya kuandika na kutangaza. La pili ni msomaji. Watoto wa Trégunc walikuwa wageni wa mambo ya milimani, lakini walijulikana, na majibu yao yalingojewa. Ulimwengu mzima hauna sifa hiyo. Aambiwaye kwamba anaandikia watu wote, mara nyingi haandikii mtu yeyote.

Kwa mwalimu wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Darasa la Pemba likiandikiana na darasa la Kigoma, mtoto wa Pemba atalazimika kueleza makonyo ni nini, na kwa nini hutengwa na karafuu. Wa Kigoma atalazimika kumweleza mgebuka mtu asiyepata kuliona Ziwa Tanganyika. Hapo maelezo yana kazi, na neno lisilofahamika hurudi na swali. Kalamu nyekundu haina uwezo huo, kwa kuwa mwenye kalamu hujifanya haelewi, na mwanafunzi ajua kwamba anajifanya.

Wako wahofuo kwamba njia hii itafungua mlango kwa lahaja. Hofu hiyo haina msingi. Kiswahili Sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, kilitakiwa ili watu wa mbali wasikizane kwa maandishi. Mwanafunzi mwenye msomaji wa mbali huiona haja hiyo kwa macho yake. Asiye naye huona amri tu.

Hatari iliyo kweli iko kwingine. Mwalimu akiutia kila ukurasa maksi, wanafunzi watarudi kumwandikia yeye, na intaneti itakuwa daftari lenye mwanga. Akiacha kila neno lipite bila kutazamwa, watajifunza haraka bila kujifunza uandishi. Yampasa kuwatafutia msomaji mmoja wa kweli, na kuwachelewesha kidogo kabla ya kumfikia. Kwa kazi hiyo bahasha na stempu vyatosha. Penye intaneti, na itumike, mradi ukawiaji na msomaji visipotee.