Fundi wa Kuanza Upya

Mafundi wengi huacha nyuma yao kitu cha kuonekana. Mwashi hupita barabarani baada ya miaka 20 akauona ukuta wake umesimama. Seremala ana mlango wake, mshonaji ana gauni lake. Kocha wa timu ya chuo hana kitu cha namna hiyo. Hupokea wasichana wasiojua hata kusimama uwanjani, huwafundisha miaka mitatu, minne, na pale wanapoanza kucheza kama alivyotamani tangu siku ya kwanza, wanavaa majoho ya mahafali na kwenda zao. Mwaka wa masomo unaofuata anasimama mbele ya wageni, anapuliza filimbi, anaanza tena na somo la kwanza: kunja magoti kidogo, fungua miguu, inua mikono, macho mbele. Ufundi huo wa kuanza upya, bila uchovu na bila kinyongo, ndio ninaotaka kuusifu hapa.

Sisi wa Bujumbura tunaupenda mpira wa kikapu kwa dhati. Jua linapoteremka kuelekea milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na joto la tambarare ya Imbo linapoanza kulegea, mipira husikika ikidunda juu ya saruji ya viwanja vya shule na vya mitaani. Saa hiyo ndiyo saa ya mazoezi. Saa kumi na mbili jioni giza linaingia, na mahali pasipo na taa giza ndilo linalofunga mazoezi, si filimbi. Ndani ya muda huo mfupi kocha wa wasichana hugawa kila kitu. Anaeleza kwa Kirundi, anataja mbinu kwa Kifaransa, anakemea kwa Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi, na wachezaji wanamwelewa bila kutafsiriana. Mara nyingi ni mwalimu aliyemaliza vipindi vyake darasani ndipo akaja uwanjani. Magazeti huandika matokeo na jina la aliyefunga pointi nyingi. Jina la aliyemfundisha mfungaji kuweka kidole cha shahada nyuma ya mpira halimo.

Kwa hiyo nitachukua mfano wa mtu ambaye maisha yake ya ukocha yamewekwa katika kumbukumbu mwaka kwa mwaka, ili tuuone ufundi huu ukiwa kamili. Naye ni C. Vivian Stringer, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1948, binti wa mchimba makaa ya mawe wa Edenborn, Pennsylvania. Mwaka 1971, akiwa na miaka 23, alianza kuifundisha timu ya wanawake ya Cheyney, chuo cha kale kuliko vyote vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi, kilichoasisiwa mwaka 1837. Kilikuwa chuo kidogo chenye fedha haba. Kazi yake hasa ilikuwa kufundisha elimu ya viungo darasani, na timu ilikuwa mzigo wa kujitolea juu ya kazi hiyo. Sheria ya Marekani iliyokataza kuwabagua wanawake katika elimu inayopata fedha za serikali ilipitishwa mwaka uliofuata, 1972, na ilichukua muda mrefu kufika mifukoni mwa timu za wasichana. Miaka hiyo hiyo timu ya wanaume ya Cheyney ilikuwa mikononi mwa John Chaney, naye pia baadaye akawa kocha wa sifa kubwa. Wawili hao walitumia ukumbi mmoja na kujifunza kila mmoja kwa mwenzake.

Kocha asiye na fedha afundishe nini kwanza? Jibu la Stringer lilikuwa ulinzi, na jibu hilo lina maana kubwa kwetu. Kurusha mpira kunataka mipira mingi, vikapu vyenye nyavu, ubao usiotikisika na saa nyingi za kurudia. Ulinzi hauhitaji hayo. Unahitaji sakafu, miguu na nia. Wasichana kumi wenye mpira mmoja wanaweza kufanya mazoezi ya ulinzi jioni nzima, na hakuna atakayekaa pembeni akingoja zamu.

Stringer alijulikana kwa kukaba uwanja mzima. Wapinzani wakitaka kuingiza mpira kutoka chini ya kikapu chao, tayari wamekabwa. Anayeupokea hukuta kifua mbele yake, naye husukumwa kuelekea mstari wa pembeni, kwa kuwa mstari ni mlinzi asiyechoka. Hapo mlinzi wa pili anafika, na mwenye mpira anabaki na kona isiyo na mlango. Wa tatu amekwisha kusoma macho yake na kusimama njiani pasi inapoelekea. Kwa sheria tunazochezea huku, timu ina sekunde 8 tu kuvuka nusu ya uwanja na sekunde 24 kurusha. Ukabaji mzuri hulifanya kila tendo la mpinzani kuwa la haraka kuliko alivyotaka, na haraka ndiyo inayozaa makosa.

Anayetazama kutoka jukwaani huona mbio na kelele. Aliyewahi kufundisha huona kitu kingine: wasichana watano wanaosogea pamoja kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake atafika. Mlinzi wa pili akichelewa hatua moja, wa kwanza ameumbuka. Imani hiyo haiji kwa hotuba. Inaletwa na kurudia zoezi lile lile jioni baada ya jioni, mpaka mwili ujue njia kabla ya akili. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mwaka 1982 chama cha michezo ya vyuo cha Marekani kilipoandaa kwa mara ya kwanza mashindano yake ya kitaifa ya wanawake, Cheyney ilifika fainali. Ilishindwa na Louisiana Tech kwa 76–62, lakini chuo kidogo cha watu Weusi kilikuwa kimesimama pale ambapo vyuo vyenye mamia ya mamilioni havikufika. Na msimu huo kocha alikuwa na jeraha la mzazi. Binti yake mdogo, Nina, aliugua homa ya uti wa mgongo mwishoni mwa 1981 kabla ya kutimiza miaka miwili, na ugonjwa ukamwachia ulemavu wa maisha. Stringer alikuwa akitoka wodini kwenda ukumbini, na kutoka ukumbini kurudi wodini.

Mwaka 1983 alihamia Chuo Kikuu cha Iowa, katika eneo la mashamba ya mahindi lenye wakazi wengi wa Kizungu. Akaanza upya. Februari 1985 watu 22,157 walijaa kutazama timu yake ikicheza na Ohio State, umati uliokuwa rekodi kwa mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo wakati huo. Novemba 1992 mumewe, Bill, akafariki ghafla kwa mshtuko wa moyo. Alirejea uwanjani msimu ule ule, na mwaka 1993 Iowa ikafika katika timu nne za mwisho za mashindano ya kitaifa. Mwaka 1995 alihamia Rutgers, New Jersey, akaanza mara ya tatu, na mwaka 2000 timu hiyo nayo ikafika hatua hiyo. Alikuwa kocha wa kwanza kufikisha vyuo vitatu tofauti katika nne bora. Kufanikiwa mahali pamoja kunaweza kusemwa ni bahati ya mahali. Kufanikiwa katika sehemu tatu zisizofanana, kwa wachezaji ambao hawakuwahi kuonana, ni ufundi unaosafiri ndani ya mtu.

Ubora wa ufundi huo ulionekana wazi zaidi katika msimu wa 2006–07. Rutgers ilikuwa na wachezaji kumi, watano kati yao wa mwaka wa kwanza. Desemba walipigwa na Chuo Kikuu cha Duke kwenye uwanja wao wenyewe kwa tofauti ya pointi 40. Kocha mwingine angewabadilishia mchezo, au angesubiri hawa wadogo wakue. Stringer alirudi kwenye somo la kwanza: miguu, mikono, macho. Machi, katika mashindano ya kitaifa, walikutana tena na Duke, iliyokuwa ikishika nafasi ya kwanza nchini, wakashinda 53–52. Katika nusu fainali waliizuia timu ya LSU isipate zaidi ya pointi 35 mchezo mzima. Fainali waliipoteza kwa Tennessee, 59–46.

Siku iliyofuata mtangazaji wa redio Don Imus aliwatukana wasichana hao hewani kwa maneno ya kibaguzi, ya rangi na ya jinsia. Nchi nzima ikawageukia kuona watafanya nini. Walikaa mbele ya waandishi wa habari pamoja na kocha wao, na nahodha Essence Carson akasema kwa utulivu uliowashinda watu wazima wengi. Baada ya siku chache walikutana na aliyewatukana ana kwa ana, wakamsikiliza, kisha wakatangaza kwamba wamekubali kuombwa radhi. Mimi naona kwamba pale walikuwa bado wanacheza ulinzi waliofundishwa. Hawakukimbia, hawakurusha ngumi hewani. Walisimama imara, kila mmoja akijua mwenzake yuko ubavuni.

Stringer alistaafu mwaka 2022 baada ya miaka 50 ya ukocha, akiwa na ushindi 1,055. Hakuwahi kutwaa ubingwa wa taifa hata mara moja. Pat Summitt wa Tennessee, aliyemfunga katika fainali ile ya 2007, aliutwaa mara 8 na akashinda michezo 1,098. Lakini hata Summitt alikuwa na sifa nyingine ambayo waliomjua humtajia kabla ya vikombe: kila mchezaji aliyekamilisha muda wake Tennessee aliondoka na shahada. Wawili hao walitofautiana sana kwa vikombe, na bado walikuwa mafundi wa daraja moja, kwa sababu kipimo cha kocha wa chuo kinasomwa kwa aliyeondoka. Je, msichana huyu anasimama vizuri zaidi kuliko alipokuja?

Kipimo hicho kinatuhusu sisi wa Bujumbura kuliko wengi. Mji huu unajua maana ya kuanza upya. Baada ya Oktoba 1993, vita vilipoigawa mitaa na watu wakakimbia majirani zao, Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari wa Xaveri, kiliendelea kuwakutanisha vijana wa Kihutu na wa Kitutsi wa mitaa ya kaskazini katika michezo, masomo na kazi. Waliofanya hivyo walijua kwamba vijana wakishirikiana uwanjani hulazimika kuaminiana kwa muda wa mchezo, na muda huo ukirudiwa mara nyingi hugeuka kuwa mazoea. Kocha wa wasichana hufanya kazi hiyo hiyo kila jioni, awe anaitaja kwa jina hilo au la. Anapompanga msichana wa mtaa wa Kinama na wa mtaa wa Ngagara katika ukabaji mmoja, anawafundisha kitu ambacho mkutano wa siku tatu hauwezi kukifundisha.

Wala tusidhani kwamba wanawake wa Burundi hawajaonyesha wanachoweza katika uongozi wa michezo. Lydia Nsekera aliongoza shirikisho la soka la nchi hii kuanzia 2004, na mwaka 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika kamati ya utendaji ya FIFA. Francine Niyonsaba alileta medali ya fedha ya mita 800 kutoka Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Timu ya soka ya wanawake ilicheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2022, Morocco. Na katika kikapu hatuhitaji kutazama mbali. Mwaka 2023, Kigali, Rena Wakama aliiongoza Nigeria kuutwaa ubingwa wa Afrika wa wanawake. Alikuwa amejifunza kazi yake kwenye mabenchi ya vyuo vya Marekani akiwa kocha msaidizi. Mwaka mmoja baadaye, Paris, timu yake ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika, ya wanaume au ya wanawake, kuingia robo fainali ya Olimpiki ya mpira wa kikapu, naye akatajwa kocha bora wa mashindano ya wanawake.

Neno hilo "msaidizi" ndilo la kushika. Ukocha hujifunzwa kwa kukaa kando ya kocha. Marianna Freeman alicheza chini ya Stringer Cheyney, akawa msaidizi wake Iowa, kisha akaongoza timu yake mwenyewe Syracuse. Jolette Law alicheza Iowa, akamsaidia Rutgers, kisha akawa kocha mkuu Illinois. Hivyo ndivyo fundi ambaye kazi yake huondoka kila mwaka anavyopata kitu kinachobaki.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo na shule za mji huu ni la mambo yanayoweza kufanyika. Kocha wa timu ya wasichana ahesabiwe kuwa mwalimu, na saa zake za uwanjani zihesabiwe katika mshahara wake. Pembeni yake awekwe msichana aliyemaliza kucheza, ajifunze kupanga mazoezi, kusoma mchezo na kuzungumza na mzazi anayesita kumruhusu binti yake. Yaandikwe majina ya makocha kando ya matokeo, mwaka kwa mwaka, ili siku moja atakayetaka kuisimulia kazi yao asilazimike kwenda kuutafuta mfano Pennsylvania. Wasichana wapo, na saruji ya kuanzia ipo. Wa kulindwa ni yule anayekubali kila mwaka kuanza nao tena.