Kirikou na ule mwiba

Kwa sisi tuliokulia kwenye Kifaransa cha shule, Kirikou ni kama ndugu. Ni filamu ya katuni ya Michel Ocelot, ya mwaka 1998: mtoto anaongea akiwa bado tumboni, anajizaa mwenyewe, kisha anakabiliana na mchawi Karaba. Utotoni tulipenda mbio zake na ujanja wake. Ukiitazama leo, kinachokukamata ni swali lake: kwa nini Karaba ni mbaya? Kijiji kizima kinaogopa tu, yeye anauliza. Babu yake mlimani anamjibu: wanaume walimchoma mwiba wa sumu mgongoni, na maumivu hayajaisha. Kirikou anauchomoa kwa meno.

Hapo filamu ni kubwa. Mwisho wake, hapana. Kijiji kinamkataa Karaba, na hasira yao tunaielewa kabisa. Mara ngoma zinasikika: wanaume waliodhaniwa wameliwa wanarudi wazima, ugomvi unakwisha. Ocelot amewarahisishia kazi. Mama ambaye mumewe harudi, yeye asamehe vipi? Hilo Kirikou hakuliuliza.

Waonyesheni watoto filamu hii, jamani. Ila ikiisha, msiwakimbize kulala. Waacheni waulize.