"Hiari" ya Nani? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Utawala

Waswahili husema, "Hiari yashinda utumwa." Kwa maana hiyo, hiari ni ya mtu awezaye kukubali au kukataa. Tumeyapima kwa kipimo hicho maandishi yahusuyo wageni katika wilaya za Ngara na Biharamulo, na twaona kuwa neno hili limetwishwa mzigo usio wake.

Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni waliingia Ngara kupitia Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Desemba 1996 Serikali, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, ilitangaza kwamba warejee kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi waliojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi waligeuzwa na askari. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, Ibara ya 5, wadai urejeaji wa hiari. Urejeaji wa namna ile haustahili jina hilo.

Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wageni wasio na vibali majuma mawili waondoke. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga. Waliotangulia kuondoka wakaitwa "walioondoka kwa hiari".

Hapo palizuka mabishano. Upande mmoja ulishikilia kwamba Rais alitekeleza tu Sheria ya Uhamiaji ya 1995. Upande wa pili uliuliza ni nani aliyechunguza uraia wa kila mtu, hasa waliokaa nchini miongo kadhaa. Nao waandishi wa sheria huuita uwezo wa mtawala kuchagua wakati na namna ya kutekeleza sheria "mamlaka ya hiari". Basi neno moja lampa mtawala uhuru wa kuamua, kisha lamwonyesha aliyeamriwa kana kwamba ndiye aliyeamua. Mabishano hukatwa na istilahi kabla hayajasikilizwa.

Twapendekeza "mamlaka ya hiari" ibaki kwa mtawala, kwa kuwa yeye kweli huchagua. Aondokaye baada ya kuwekewa siku ya mwisho aandikwe "ameondoka kwa agizo". "Kuondoka kwa hiari" kuhifadhiwe kwa yule ambaye, kama angetaka kubaki, angeruhusiwa. Mwandishi wa taarifa asipoweza kuthibitisha ruhusa hiyo, neno "hiari" aliache.