Hadithi Iliyorudiwa na Lugha Iliyofunikwa: Mtazamaji wa Port Victoria na "The Force Awakens"

Filamu ya The Force Awakens, iliyoongozwa na J. J. Abrams na kutolewa mwezi Desemba 2015, ilipokewa na washabiki wa zamani wa Star Wars kwa furaha iliyochanganyika na lalamiko moja kubwa: kwamba haikuwa mwendelezo bali marudio. Mwaka 2012 kampuni ya Disney ilikuwa imeinunua Lucasfilm, na ni dhahiri kwamba wenye mali walitaka kuanza upya pasipo kuihatarisha mali yenyewe. Basi kijana wa jangwani wa mwaka 1977 alirudi akiwa msichana; mashine ndogo iliyobeba siri ilirudi ikiwa na umbo la mpira; silaha kubwa yenye mahali pamoja dhaifu ilirudi ikiwa kubwa zaidi. Mshabiki wa Marekani au Uingereza, aliyekwisha kuijua filamu ya kwanza kwa ghibu, alijiona ameuziwa tena kitu alichokwisha kukinunua.

Lalamiko hilo lina ukweli wake. Lakini linatokana na mizani ya fasihi iliyoandikwa, ambayo huthamini upya wa kisa kuliko jambo lingine lolote. Makala haya yanakusudia kuipima filamu hiyo kwa mizani ya mtazamaji mwingine, yaani yule wa banda la video katika Port Victoria.

Port Victoria ni mji wa wavuvi katika Bunyala, Kaunti ya Busia, karibu na mahali Mto Nzoia unapoingia ziwani. Katika miaka ya 1890 ulikusudiwa kuwa mwisho wa Reli ya Uganda, kabla ya reli hiyo kugeuzwa kuelekea Kisumu, ilikofika mwaka 1901. Reli haikuja, lakini lugha zilikuja. Kinyala hukutana hapo na Kisamia, Kijaluo na Kiswahili, na Kiganda hakiko mbali, kwani mpaka ni maji. Sinema nazo hupita njia hizo hizo zipitazo omena na mbuta. Kutoka Uganda hutoka filamu zilizofunikwa kwa sauti ya mafanani wa Kiganda kama VJ Jingo. Kutoka Nairobi hutoka zile za DJ Afro, ambaye husimulia kwa Kiswahili cha mitaani. Na Tanzania ilimjua Derek Mukandala, aliyepata umaarufu kwa jina la Lufufu. Mtazamaji wa banda, kwa hiyo, aghalabu haoni filamu tupu. Huona filamu iliyotiwa ndani ya masimulizi.

Utaratibu huu si mgeni kama unavyodhaniwa. Baina ya mwaka 1935 na 1937 kuliendeshwa jaribio la sinema za elimu kwa Wabantu, makao yake yakiwa Vugiri katika Tanganyika, na picha hizo zilionyeshwa vijijini zikiandamana na maelezo ya lugha za Kiafrika yaliyorekodiwa katika sahani za santuri. Msemaji wa siku zile aliwekwa ili awafundishe watazamaji namna ya kuishi. Fanani wa leo hana ruhusa hiyo. Akiwachosha, hawarudi kesho.

Sasa, hadhira iliyolelewa kwa ngano hailalamiki kwamba hadithi imerudiwa. Inajua mwisho kabla ya mwanzo, na inakuja kusikiliza jinsi fanani huyu atakavyofika huko. Isitoshe, kisa chenyewe ambacho Wamarekani walidai kimeibwa kutoka filamu ya 1977 kilikuwako katika nchi hizi kabla ya sinema kuzaliwa. Jitu lisiloshindika lenye mahali pamoja pa kuliua ni Lwanda Magere wa Wajaluo, ambaye nguvu zake zilikuwa katika kivuli, na aliyeponzwa na mke aliyetoka kwa adui. Ni Fumo Liyongo pia, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba ya kitovuni, na aliyechomwa sindano hiyo na mwanawe mwenyewe. Mtazamaji anayemwona Han Solo akichomwa na mwanawe Kylo Ren juu ya daraja hana sababu ya kusema kwamba amewahi kuliona jambo hili katika Star Wars. Amelisikia penginepo.

Na hapa ndipo filamu inapopwaya kwa mizani yake, mahali ambapo washabiki wengi wa ng'ambo hawakuhangaika napo. Katika utenzi wa Muhammad Kijumwa, wa mwaka 1913, Liyongo aliyejeruhiwa hupiga goti karibu na kisima akiwa na upinde wake mkononi, na watu wa mji hukosa maji kwa kuogopa kumkaribia, hata mama yake hana budi kuja kumsihi. Kifo cha mtu mmoja kimeukausha mji mzima. Katika The Force Awakens mfumo mzima wa sayari, pamoja na umati wote uliomo, huteketezwa kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kufungua mtumbwi; watu huonekana wakitazama juu, kisha kisa kinaendelea na habari nyingine. Hakuna matanga. Waliotoka katika Bunyala, nchi ambayo mafuriko ya Nzoia yameihamisha mara kwa mara, wana haki ya kuuliza waliozikwa wamezikwa wapi. Fanani hodari huliziba pengo hili kwa sentensi mbili tatu za maombolezo au hata za mzaha. Fanani mvivu huongeza kelele. Wavivu ni wengi, yafaa isemwe, na baadhi yao wamejenga jina kwa kuwatukana wanawake walio katika picha na kuiita kazi hiyo ucheshi.

Jambo la pili linawahusu wanaisimu moja kwa moja. Katika filamu ya mwaka 1983, Return of the Jedi, Lando Calrissian anaongoza chombo chake akiwa na msaidizi mwenye mashavu manene aitwaye Nien Nunb. Mtaalamu wa sauti, Ben Burtt, alihitaji usemi wa kiumbe wa sayari nyingine. Alimpata mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich. Kwa muda mrefu ilisemekana kwamba lugha iliyosikika ni Kihaya. Wakenya walioisikiliza walitambua Kikuyu, na Rotich mwenyewe alitaja Kikuyu na Kikalenjin. Yaani sentensi timamu, zenye viambishi na mpangilio wake, zilichukuliwa kuwa mlio. Kwa hadhira iliyokusudiwa, maana yake haikuwa na haja. Ilitosha kwamba zinasikika ngeni. Tukio hili lilitendeka pasipo nia mbaya, na ndiyo maana linafaa kuchunguzwa, kwani nia mbaya hujieleza yenyewe.

Star Trek ilikuwa imetenda kinyume chake, japo kwa nusu. Mwaka 1966 ilimleta Uhura, akichezwa na Nichelle Nichols, jina lake likitokana na uhuru. Mwisho wa neno ulibadilishwa ili lisikike kama jina la kike kwa masikio ya Kizungu, ingawa Kiswahili hakionyeshi jinsia kwa irabu ya mwisho, na neno lililobaki halina maana katika lugha lilikotoka. Hata hivyo katika kipindi cha kwanza kabisa cha mfululizo ule Uhura alisemeshwa Kiswahili, na kikachukuliwa kuwa lugha ya binadamu mwenye kwao. Filamu ya mwaka 2009, ambayo nayo iliongozwa na Abrams na kuanza upya hadithi ile, ilimpa hadharani jina la kwanza: Nyota. Mtu huyo huyo, basi, ndiye aliyekuja kuianza upya Star Wars.

Nien Nunb alirudi mwaka 2015, akiwa na sauti ile ile ya Rotich. Lupita Nyong'o naye aliingia, akiwa Maz Kanata, ingawa uso wake ulifunikwa kwa sura iliyochorwa kwa kompyuta. Wakenya wawili walikuwamo ndani ya filamu kubwa kuliko zote za mwaka ule, mmoja hana uso na mwingine hana maana. Na katika banda la video, mahali ambapo pengine angepatikana msikilizaji wa kuielewa sauti ya Rotich, sauti hiyo haisikiki, kwa sababu fanani anazungumza juu yake. Kiswahili, kinachomfungulia mtazamaji filamu yote, ndicho kinachomfungia sekunde zile chache zilizokuwa zake.

Katama Mkangi aliliona jambo linalofanana na hili alipoandika Walenisi, riwaya ya mwaka 1995. Dzombo anarushwa angani kwa hukumu ya kifo, anatua katika sayari nyingine, na jina la sayari hiyo likitenganishwa husomeka "wale ni sisi". Riwaya hiyo hufundishwa kama istiari ya siasa, na ni sawa. Lakini kichwa chake kinajibu pia swali la Nien Nunb, kwa lugha ambayo mtazamaji wa Port Victoria anaijua.

Utafiti wa fasihi simulizi umewatafuta wazee wa ngano kwa bidii inayostahili sifa. Fanani wa banda amepata nafasi ndogo, labda kwa sababu husimulia kisa kisicho chake, kwa Kiswahili kisicho sanifu, mbele ya watu waliolipa. Ubora wa kazi yake hauwezi kuamuliwa kwa kusikiliza sauti yake peke yake. Hapana budi masimulizi yake yaandikwe ubavuni mwa sauti ya filamu yenyewe, neno kwa neno, ili ijulikane ametafsiri nini, ametunga nini, na ni wapi alipozungumza wakati ambapo katika chombo cha angani mtu wa kwao alikuwa akisema.