Kalamu Juu ya Picha ya Setilaiti

Wachora ramani wa Taasisi ya Jane Goodall mkoani Kigoma wanastahili pongezi. Kupitia mradi wa uhifadhi wa TACARE, ulioanza 1994, walichapa picha za setilaiti kwenye karatasi kubwa, wakazitandaza mbele ya wanavijiji jirani na Hifadhi ya Gombe, wakawaachia kalamu. Wenyeji wakaonyesha mpaka unapopita, chemchemi ilipo, na mahali pa matambiko, ambapo hakuna setilaiti iwezayo kupatambua. Michoro ikaingizwa kwenye kompyuta, ikasaidia vijiji kupanga matumizi ya ardhi yao. Baadaye walinzi wa misitu walipewa simu za kukusanyia taarifa. Simu ni nzuri, sikatai, ila watu kumi hawawezi kuizunguka wakabishana. Karatasi wanaizunguka. Wapanga mipango ya miji yetu, Ujiji ikiwamo, anzeni na karatasi.